Upele wa Idi

Wifi yangu Rahima ana mikono miwili na kazi za watu sita, na zote hutaka kuzifanya kwa wakati mmoja huku akinung'unika kwamba hasaidiwi. Nina haki ya kumsema hivyo, maana aliolewa na kaka yangu Uthman, Mungu amrehemu, na wifi asiyesemwa na wifi yake ana bahati ambayo mimi sikukusudia kumpa. Tunakaa Wiyoni, mtaa wa Lamu, mji ambao wenyewe twauita Amu, na nyumba zetu zimeshikana ukuta. Akipiga chafya kwake, mimi huku namwombea rehema kabla hajapata kitambaa cha kujipangusia.

Kazi yake ni kupamba vyumba vya maharusi. Umpe chumba asubuhi kikiwa na kitanda kitupu na misumari ukutani, alasiri ukiingia unavua viatu bila kuambiwa. Taa anazo, maua anayo, mapazia anayo, lakini kinachomfanya aitwe yeye na si mwingine ni mahameli. Hiyo ni nguo nyekundu ya kufunika kitanda, pamoja na mito yake, imetariziwa zari, nyuzi za dhahabu, pembe zote nne. Ilikuwa ya mama yangu. Mama alimpa Rahima badala ya kunipa mimi bintiye, kwa sababu alisema mimi sina subira na kitu cha kukunjwa. Sikununa, ila kidogo. Maharusi wa mwanzo waliotandikiwa mahameli ile walizaa ndani ya mwaka, na tangu hapo hakuna mama wa Amu wala wa Shela anayetaka bintiye aingie chumbani bila hiyo.

Zari haioshwi. Ukiitia maji ya moto inafifia na kuwa nyeusi. Kwa hivyo, tangu enzi za mama, mahameli husafishwa kwa moshi. Rahima huweka chetezo cha makaa chini ya tundu la fito, akatandaza nguo juu yake, akatia udi na ubani, akakaa kando na kipepeo chake cha ukili mpaka moshi uingie kila uzi. Ikitoka hapo hata mwenye mafua anajua imepita. Na sisi, kitu kikinukia hivyo, tumeshakihesabu kuwa kisafi. Sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kuuliza zaidi.

Rahima ana mtoto mmoja tu, Hayat. Huyu hupaka piko, ile rangi nyeusi wanawake wanayojipambia mikono na miguu, na mkono wake hautetemeki. Anaweza kukuchorea ua litambaalo kutoka kwenye kucha mpaka kwenye kiwiko huku anakuhadithia habari za watu, na jani moja lisimharibikie. Watu walikuwa wakisema mama anapamba kitanda na binti anampamba wa kukilalia. Mimi nilikuwa nikiwaambia waseme Mashallah kwanza.

Sasa nije kwenye upele, neno ambalo nyumba za heshima hazipendi kulisikia.

Tulipokuwa wadogo, upele ulikuwa na wakati wake na watu wake. Watu wake walikuwa watoto wa chuoni, waliosoma Kurani bega kwa bega juu ya mkeka mmoja na kulala watano kitanda kimoja wakati wa baridi ya kusi. Jua likirudi, watoto wakishinda baharini, na upele nao ulikuwa ukiondoka. Mama aliwapaka ndugu zangu kibiriti upele kilichochanganywa na mafuta ya nazi. Walinuka, walichekwa, walipona. Mimi peke yangu sikuupata, na katika waliowacheka nilikuwa wa mbele. Mtu mzima mwenye upele hatukumwona. Kama alikuwako, alifichwa vyema.

Miaka ya karibuni mambo yalibadilika. Watoto wa chuoni walitulia, maana siku hizi kila mmoja ana godoro lake, na wakaanza kuwashwa mama zao. Wakati wao haukuwa kusi tena. Ramadhani ikielekea mwisho, ungemwona mwanamke mzima msikitini anatikisa mabega chini ya buibui kama aliyeingiwa na siafu. Idi ikifika ndiyo kabisa. Walikuwa maharusi wapya, mama zao, mashangazi waliokuja kutoka Mombasa, na waume pia, ingawa mwanamume akiwashwa husema ni mbu. Na kwa kuwa Idi ndipo kila mwanamke anapokuwa na piko mpya mikononi, watu waliiona sababu mbele ya macho yao. Wakasema piko za siku hizi zina dawa kali, zinaunguza. Na kweli zipo piko mbaya zinazounguza ngozi, hilo silikatai, ndiyo maana uongo huu ulishika. Juu ya hayo, kuungua na piko si aibu. Unaweza kulisema mbele ya wakwe zako na ukaongezewa chai.

Mwaka jana, siku ya pili ya Idi, Bi Ruqaya wa Shela alikuja Wiyoni. Huyu ni mama mwenye nyumba ya wageni na sauti yake ya pole, na sauti hiyo ndiyo mbaya. Bintiye Raihana alikuwa ameolewa mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga. Rahima alipamba chumba, Hayat alipaka piko siku ya harusi, akapaka tena usiku wa kuamkia Idi. Mimi nilikuwa pale nakunywa kahawa.

"Sikuya kugomba, Rahima," Bi Ruqaya alisema, na hakukaa. "Lakini mwanangu halali. Mikono imemtoka zipele mpaka katikati ya zanda." Alivitanua vidole vyake kuonyesha. "Hayat amemtia nini?"

"Piko ni ile ile ya yana na yuzi," Rahima alijibu. "Hayat haongezi kitu."

"Mimi si wa kwanza kusema. Mimi ni wa kwanza kuya mlangoni tu."

Aliondoka akiwa na adabu zake zote. Hayat alikuwa nyuma ya pazia na alisikia kila neno.

Baada ya hapo simu ya Hayat ilinyamaza. Harusi za mwezi uliofuata alipaka mtu mwingine, aliyeletwa kutoka Malindi, na watu waliendelea kuwashwa vile vile, lakini hilo hakuna aliyetaka kulitazama. Sokoni wanawake walianza kumwita Hayat "yule wa piko ya moto". Msichana yule, aliyekuwa haachi kusema, akawa anajibu kwa kichwa. Alimwambia mama yake anakwenda Mombasa kwa mjomba wake, akasimame dukani auze viatu. Rahima hakulia mbele yetu. Alisugua masufuria ambayo tayari yalikuwa yanang'aa.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nawashwa. Nilikuwa nimeanza tangu siku za mwisho za Ramadhani, kwenye viganja, kwenye kiuno, chini ya matiti, na usiku ndio zaidi. Nilisema ni damu ya uzee. Rahima alinivumilia kwa muda wake, halafu asubuhi moja akasimama mlangoni kwangu na buibui lake.

"Vaa. Twenda kwa daktari. Nimechoka kukusikia ukijikuna kupitia ukutani."

Zahanati tuliyokwenda ina muuguzi anayeitwa Keziah, mtoto wa bara aliyekaa Amu muda wa kutosha kujua kuwa sisi hatupendi kuvuliwa nguo kwa haraka. Alinikalisha penye mwanga, akavitenganisha vidole vyangu, akatazama kwa kioo cha kukuzia. Kulikuwa na vijistari vidogo, vya rangi ya majivu, havifiki hata urefu wa punje ya mchele.

"Mama, hii si damu," alisema. "Ni upele."

"Sista, mimi ni mtu mzima. Upele ni wa wana wa chuoni."

"Mdudu wa upele haulizi umri."

Nilimchukia pale pale, na nilimchukia zaidi kwa kuwa Rahima alicheka. Keziah hakucheka. Alivuta kiti akakaa, akasema, kwa sauti ya mtu aliyebeba jambo kwa muda mrefu bila wa kumwambia, kwamba upele wa Amu umemshinda kuuelewa. Alisomea kwamba huja na baridi na mvua, watu wanapojifungia ndani, na hushika zaidi watoto. Hapa anawaona wanawake wazima.

"Na wakati wao nao hautulii," alisema. "Mwaka juzi walianza kuja mwisho wa Aprili, nikasema ni mvua za masika. Mwaka jana wakaja katikati ya Aprili. Mwaka huu Machi ilikuwa haijaisha na dawa ikaniishia kabatini, nikaagiza nyingine. Mvua haiwezi kutangulia hivyo kila mwaka."

"Hiyo si mvua, mwanangu," Rahima alisema. "Hiyo ni Idi. Miezi yetu yafuata mwandamo, kwa hivyo Idi yarudi nyuma kila mwaka kwenye kalenda yenu. Na upele wako wafuatana nayo. Ndio maana watu wasema ni piko."

Lile neno piko alilitamka kama anayetema mbegu ya ndimu. Keziah alinitazama mikono tena.

"Lakini huyu hana piko."

"Mimi ni mjane," nikasema. "Kwetu mjane hatii piko."

Hapo Keziah alitueleza. Mdudu wa upele ni mdogo hata jicho halimwoni, huchimba ngozini na kutaga mayai humo. Kwa mtu ambaye hajawahi kuupata, mwili hukaa mwezi mzima, au zaidi, kabla haujamgundua mgeni wake na kuanza kuwasha. Kwa hiyo anayewashwa wakati wa Idi asiitafute sababu kwenye Idi. Aitafute mwezi uliopita. Alilala na nani, au alilalia nini. Mara nyingi ni ngozi kwa ngozi, alisema, lakini hata matandiko yaliyotoka kulaliwa na mgonjwa yanaweza kumbeba mdudu, yakipokewa na mtu mwingine upesi. Akikosa mwili wa mtu, hamalizi hata siku nne.

Rahima alikuwa ameacha kutikisa mguu wake. Mwezi unaotangulia Ramadhani ni Shaabani, na Shaabani ndio mwezi wa harusi. Zamani harusi zilitawanyika mwaka mzima. Siku hizi ndugu walioko Mombasa na Uarabuni hurudi nyumbani kufunga na jamaa zao, basi kila mtu anataka kuoza kabla ya kufunga, na harusi zinasukumana. Fungate, zile siku saba za maharusi kukaa ndani, imekuwa siku tatu. Mahameli ilikuwa inatolewa kitanda hiki mchana, inafukizwa udi, na kesho yake ipo kitanda kingine. Na enzi za mama ilikuwa ya macho tu; somo wa biharusi, yaani kungwi wake, aliikunja kabla watu hawajalala. Watoto wa sasa wakishapiga picha juu yake hulala hapo hapo.

"Wifi," Rahima aliniuliza polepole, "Shaabani alasiri ulikuwa ukilala wapi?"

Alijua jibu. Nyumba yake ilijaa mapazia na maua, kwa hivyo mahameli ikirudi kutoka harusini iliwekwa ghorofani kwangu, na kila ilipokuwa kwangu nililala juu yake. Ni ya mama yangu, nani wa kunikataza?

"Juu ya mahameli," nikasema.

Keziah aliuliza mahameli ni nini. Rahima alimwambia atamweleza siku nyingine, akachukua chupa yangu ya dawa, tukatoka.

Tulipofika, alipanda kwangu, akaitoa mahameli sandukuni na kukaa mbele yake. Zari ilikuwa inameta na udi unanukia, na mimi nikaona lazima niseme kabla yeye hajasema. Nilijua anafikiria nini.

"Rahima, yambo hili ni letu wawili. Tutaifunga, tutaiweka kando, watu watasahau. Ukenda kusema mahameli ya mama yangu imetia watu upele, hakuna atakayekuita tena kupamba hata kaburi."

"Na Hayat?"

"Hayat atakwenda Mombasa, atapumzika, atarudi."

Alikunja pembe moja ya mahameli. "Wewe waona haya kwa nguo ya mama yako. Sikulaumu. Lakini mimi nna mwana, na mwana wangu atukanwa mahali pangu."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo wifi huruhusiwa na mengine ambayo haruhusiwi, nikashuka, nikamwacha hapo na sanduku. Kwa siku mbili hatukusemezana, na kwa watu wanaoshiriki ukuta mmoja hiyo ni kazi kubwa.

Asubuhi ya siku ya tatu nilifungua dirisha nikawaona watoto wa jirani wamejipanga kwenye ukuta wa nyuma wanachora punda na mashua. Walikuwa wanachora vizuri. Nikawauliza wametoa wapi brashi nzuri hivyo. Wakasema Hayat amewagawia zote, amesema hana kazi nazo.

Brashi zile nazijua. Alizitengeneza mwenyewe, mipini aliichonga na kuifunga nyuzi, kila moja na unene wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, hata mimi. Nilishuka nikazikusanya moja moja, watoto wakinilalamikia, nikazifungia kwenye leso. Halafu nikagonga kwa Rahima.

"Twenda Shela," nikamwambia. "Na buibui lako lipige pasi, hatwendi kuomba."

Tulikwenda kwa miguu, kando ya maji, mimi mikono nimeificha kwapani kwa aibu na kwa kuzuia kujikuna. Rahima alikuwa anasoma dua kwa midomo. Bi Ruqaya alitukaribisha ukumbini, akaleta juisi ya ukwaju, na Raihana akaja kutusalimia amevaa mikono mirefu hadi kwenye vidole, katika joto lile.

Rahima hakuigusa juisi. Alisema, "Bi Ruqaya, si piko. Ni upele, na umetoka kwenye mahameli yangu. Nimeitoa nyumba ya watu nikaitia nyumba yako kesho yake, na mimi nikidhani moshi watosha. Hayat hana kosa. Nimekuya uniseme mimi."

Nilitegemea kelele, au ile sauti ya pole. Bi Ruqaya alirudi nyuma kitini.

"Upele? Nyumbani mwangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa kazi tuliyojitwika. Alikuwa tayari kusamehe piko mara kumi kuliko kupokea upele mara moja. Alianza kusema haiwezekani, nyumba yake inapigwa dawa, mashuka yanatoka kwa dobi, bintiye anaoga mara tatu kwa siku. Rahima alinigeukia. Nilijua zamu yangu imefika. Niliitoa mikono kwapani, nikavitenganisha vidole mbele ya mama yule mwenye nyumba ya wageni.

"Tazama, Bi Ruqaya. Mimi sitii piko tangu mume wangu alipokufa. Nilicholalia ni mahameli tu. Wana wa chuoni niliwacheka miaka hamsini, na sasa Mungu amenirudishia."

Raihana, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaivuta mikono yake ya nguo akaja akaweka kiganja chake kando ya changu. Vistari vilikuwa vile vile. Akaanza kucheka, halafu akalia, akasema alikuwa anadhani mwili wake umemkataa mumewe. Mtoto wa watu alikuwa amebeba hilo mwezi mzima.

Mama yake alimshika. Alipotuelekea tena, jambo lililobaki lilikuwa moja: Raihana hawezi kwenda kusimama kwenye foleni ya zahanati, atazamwe, iulizwe ana nini.

"Asende," Rahima alisema. "Twaweka singo."

Singo ni ule msuguo wa sandali, mawaridi na viungo anaopakwa biharusi kabla ya harusi, toka shingoni hadi nyayoni. Rahima amesinga maharusi kabla hata ya kuanza kupamba vitanda. Keziah alipoisikia habari hiyo alisema hicho ndicho alichokuwa anakikosa. Dawa ya upele nayo hupakwa toka shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, ilale mwilini usiku kucha, na wote wa nyumba moja wapake siku moja. Lakini watu wakipewa chupa hupaka panapowasha tu, peke yao, kwa kujificha, kisha hurudi wakisema dawa haifai.

Basi alasiri ya Alhamisi moja wanawake walianza kuingia nyumbani kwa Rahima. Aliwaita mwenyewe, mmoja mmoja, wote aliowatandikia mahameli Shaabani ile, na kila mlango alisema maneno yale yale aliyoyasema Shela. Wapo waliofunga mlango. Mmoja alimwambia hatamsahau, na hakumaanisha kwa wema. Lakini wengi walikuja, na waliokuja walileta dada zao. Ungeona kama shughuli ya harusi: mikeka imetandikwa, chai ya tangawizi, kaimati, leso za kubadili, na Keziah katikati amefungwa leso kifuani, anaonyesha. Dawa ilikuwa nyeupe, inachoma kidogo. Bi Ruqaya alikuja wa mwisho, akavua buibui lake, akageuza mgongo ili Rahima ampake. Niliona mabega yake yakilegea.

Waume walipelekewa chupa zao nyumbani. Kwa wale waliosema ni mbu, tulisema ni dawa ya mbu. Keziah hakuupenda uongo huo, ila na yeye hakwenda kuutangua. Kesho yake uani kote Wiyoni leso na mashuka yalichemshwa na kuanikwa, na wiki moja baadaye tulirudia yote tena, maana mayai yaliyosalia lazima yakutwe. Mara hii ya pili wawili kati ya waliofunga milango walikuja.

Hayat hakwenda Mombasa. Siku ya singo ile ya kwanza nilimpa leso yenye brashi zake. Aliifungua, akazihesabu kwa macho, akaniuliza iko wapi ile nyembamba. Nilikwenda kumnyang'anya mtoto aliyekuwa ameificha. Hata hivyo simu haikulia. Watu walikuwa wameshajua si piko, lakini kujua ni jambo moja na kumpa mtu mkono wako ni jambo jingine. Miezi ikapita hivyo. Alichora kwenye mikono ya wasichana wa mtaani, bila kuitwa, ili vidole visilale.

Mahameli nayo ilipata sheria mpya. Ikitoka kwenye harusi inafungwa ndani ya mfuko wa nailoni, inatiwa sandukuni, na haitoki mpaka Ijumaa mbili zipite juu yake. Na ni ya macho tu, kama enzi za mama. Kabla ya watu kulala Rahima mwenyewe anaikunja. Shaabani ya mwaka huu ilipofika, walimjia akina mama wakibembeleza: harusi ni kesho kutwa, ifukize tu, mara hii tu. Aliwajibu kwamba inapumzika. Mmoja aliahirisha harusi ya bintiye ili aipate. Wengine waliwaoza binti zao kwa mashuka meupe, na sijasikia ndoa iliyovunjika kwa hilo. Mimi alasiri nalala mkekani.

Ramadhani ikaingia. Kila usiku wa tarawehe nilikuwa natazama mabega ya wanawake waliosimama mbele yangu, Mungu anisamehe, badala ya kusikiliza kisomo. Mabega yalitulia.

Siku mbili kabla ya Idi, simu ya Hayat ililia. Alikuwa Bi Ruqaya. Hakusema mengi, alisema Raihana ni mjamzito, hawezi kutoka, na wanawake wa nyumba nzima wanataka kupakwa piko, na yeye mwenyewe akiwamo, kwa hiyo Hayat aje na alale huko huko. Hayat alikwenda na brashi zake zote. Kutoka Shela, nilikuja kujua, walimpeleka nyumba ya jirani, na kutoka hapo nyingine.

Asubuhi ya Idi wanaume walikuwa wanarudi kutoka kuswali nilipoingia kwa Rahima na sinia la tambi. Keziah alikuwa amekuja kula Idi nasi. Alituambia mwezi ule mzima amepata wagonjwa wawili tu wa upele, na wote ni watoto wa chuoni. Nikasema basi umerudi kwa wenyewe. Akasema hata hao anawataka wapone, nikamwambia ni sawa, ila aniruhusu kufurahi kidogo.

Rahima alikuwa hajatusikia. Alikuwa anatazama mlango.

Hayat aliingia jua limeshapanda, buibui begani, macho mekundu kwa kukesha, na vidole vyeusi mpaka kwenye vifundo vya mkono. Alisema amechoka, alisema hajala, akakaa kwenye mkeka akaegemea miguu ya mama yake. Rahima aliichukua mikono ile, akaigeuza penye mwanga wa dirisha, akavitenganisha vidole kimoja kimoja kama alivyofundishwa na Keziah. Alitazama mpaka akaridhika. Hakukuta kitu ila piko.